Herufi za Kigothi na Jina la Kasigau: Mtindo, Matumizi na Usomekaji Wake katika Kiswahili

Utangulizi

Msomaji anayeifahamu mitaa ya mji wa Voi, au vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, bila shaka amewahi kuziona herufi ambazo makala haya yanazizungumzia, hata kama hakupata kulijua jina lake. Ni zile herufi nene, nyeusi, zenye pembe kali na ncha kama za mikuki. Huandikwa juu ya cheti cha ndoa au cha kuhitimu mafunzo, juu ya kadi ya Krismasi, ubavuni mwa matatu na kifuani mwa fulana za vijana. Katika maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala, kijana aliyeketi mbele ya tarakilishi huzipata katika orodha ya fonti chini ya jina Old English Text MT. Mteja akisema anataka kitu chenye heshima, mara nyingi fonti hiyo ndiyo huchaguliwa.

Katika taaluma ya upigaji chapa, kundi hili huitwa herufi za Kigothi. Wapo pia wanaoziita herufi nyeusi, kwa kuwa wino wake huufunika ukurasa na kuacha weupe kidogo sana. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuchunguza neno, maana yake na muktadha wake, lakini umbo la herufi inayolibeba neno hilo tumelipuuza. Hali hii ni ya kushangaza ikikumbukwa kwamba fasihi yetu kongwe ilitufikia kupitia miswada ya mkono, na kwamba mhakiki asiyeweza kuusoma mwandiko hawezi kuuhakiki utenzi.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali matatu. Kwanza, herufi za Kigothi zilitoka wapi na zimeundwaje? Pili, zilikutana vipi na nchi ya Taita na lugha ya Kiswahili? Tatu, zinafaa kutumiwaje leo? Hoja yetu ni kwamba herufi hizi ni vazi la sherehe. Zinafaa kutangaza, lakini hazifai kutunza taarifa ambayo mtu anaihitaji kwa haki yake. Kwa hiyo kichwa cha hati ni mahali pake, lakini jina la mwenye hati si mahali pake.

Asili na Aina za Herufi za Kigothi

Herufi za Kigothi zilianza kama mwandiko wa mkono. Katika karne ya 12, waandishi wa kaskazini mwa Ufaransa na nchi za jirani waliubana mwandiko wa mviringo uliokuwa umeenea Ulaya Magharibi tangu enzi za mfalme Karoli Mkuu. Mizingo ilivunjwa ikawa pembe, na herufi zikasogezwa karibu karibu. Sababu zilikuwa za kimatumizi pamoja na za kimapambo. Vyuo vikuu vilikuwa vikianzishwa na mahitaji ya vitabu yakaongezeka, ilhali ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali. Herufi nyembamba zilizobanana ziliingiza maneno mengi zaidi katika ukurasa mmoja. Aidha, kalamu yenye ncha pana, ikishikwa kwa mwelekeo mmoja pasipo kugeuzwa, hutoa mstari mnene inaposhuka na mstari mwembamba kama uzi inapokwenda mshazari. Tofauti hiyo baina ya unene na wembamba ndiyo sura ya kwanza ya Kigothi.

Jina lenyewe lilikuwa tusi. Wanazuoni wa Italia wa kipindi cha Mwamko, waliopenda mwandiko wa mviringo waliodhani kuwa ndio wa Warumi wa kale, waliuita mwandiko wa kaskazini kuwa wa Kigothi, yaani wa watu wasiostaarabika, kwa kuwakumbuka Wagothi walioivamia Roma. Tusi hilo likazoeleka hadi likawa istilahi.

Aina kuu ni nne. Ya kwanza ni Textura, yenye mistari wima iliyosimama kama nguzo za boma. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufuma, kwa sababu ukurasa wake ukitazamwa kwa mbali hufanana na kitu kilichofumwa. Atakayevitazama vikapu vya mkonge wanavyosuka kina mama wa Kasigau ataielewa fahari hiyo mara moja: uzi mmoja mmoja hauonekani, kinachoonekana ni mchoro mzima. Johannes Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake mjini Mainz, Ujerumani, mnamo mwaka 1455, alitumia herufi za Textura, na kurasa zake nyingi zina mistari 42 kwa kila safu. Hivyo basi, kitabu kikubwa cha kwanza kupigwa chapa Ulaya kwa herufi za kupangwa kilivaa Kigothi.

Ya pili ni Rotunda, iliyotumika sana Italia na Uhispania, ambayo pembe zake zimelainishwa. Ya tatu ni Schwabacher, iliyoenea Ujerumani mwishoni mwa karne ya 15. Ya nne ni Fraktur, iliyozaliwa mwanzoni mwa karne ya 16 katika mazingira ya baraza la Kaisari Maximilian I. Jina Fraktur lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuvunja, kwa kuwa mistari yake huvunjikavunjika, na herufi zake kubwa hupindwa kwa madaha kama mkia wa nge.

Nchini Uingereza, Kigothi kilishika vitabu vya heshima kwa muda mrefu. Toleo la kwanza la Biblia ya Mfalme Yakobo, la mwaka 1611, lilipigwa chapa kwa Kigothi, na yale maneno yaliyoongezwa na wafasiri ili sentensi ikamilike yakawekwa kwa herufi ndogo za Kirumi. Kigothi ndicho kilichokuwa sauti kuu, na Kirumi kikawa mnong'ono wa pembeni. Baadaye mambo yaligeuka. Herufi za Kirumi zilichukua matini yote, na Kigothi kikabakia katika vichwa vya hati, vyeti na majina ya magazeti. Magazeti kama The New York Times na The Daily Telegraph yangali yanaandika jina lake kwa Kigothi hadi leo, ingawa habari zake hazijaandikwa hivyo. Wajerumani pekee, pamoja na baadhi ya majirani zao, ndio walioendelea kuisoma Fraktur kila siku, gazetini na kitabuni, hadi ndani ya karne ya 20.

Kasigau katika Kitabu cha Fraktur

Hapo ndipo historia ya herufi hizi inapougusa mlima wetu. Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliokuwa wakiishi Rabai, walitumwa na shirika la Kiingereza la CMS, lakini wenyewe walikuwa Wajerumani wa Württemberg. Mnamo Oktoba 1847, Rebmann alifunga safari ya kwanza kuelekea bara, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa mlima aliouita Kadiaro, ndio Kasigau. Mwaka uliofuata, mnamo Mei 11, 1848, akiwa katika safari nyingine, aliiona theluji ya Kilimanjaro, na habari hiyo ikazua ubishi mkubwa miongoni mwa wanajiografia wa Ulaya.

Krapf alizikusanya habari za safari hizo katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1858, na toleo la Kiingereza likatoka London mwaka 1860. Kitabu ni kimoja, lakini mavazi ni mawili. Msomaji wa Kijerumani aliisoma Kadiaro katikati ya msitu wa Fraktur, naye msomaji wa Kiingereza akaisoma kwa herufi za Kirumi. Watu wa Kasigau wenyewe, ambao mlima na desturi zao zilielezwa humo, hawakuweza kusoma toleo lolote kati ya hayo mawili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huohuo Kiswahili kilikuwa kikipewa herufi za Kirumi, hata na Wajerumani hao hao. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850, katika nchi ya Fraktur, lakini iliandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za Kirumi. Ilikuwa pia desturi ya wapiga chapa wa Kijerumani kwamba matini ya Kijerumani iwe kwa Fraktur, na neno la kigeni linalojitokeza ndani yake liwekwe kwa herufi za Kirumi. Msomaji alimtambua mgeni kwa nguo yake kabla hajalisoma neno.

Desturi hiyo ilionekana wazi zaidi katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1899, lilitumia Fraktur. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililotolewa katika shule ya serikali mjini Tanga kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi 1916, lilitumia herufi za Kirumi. Koloni moja, serikali moja, lakini wasomaji wa aina mbili walitengwa kwa umbo la herufi kabla ya kutengwa kwa lugha. Yafaa tukumbuke kwamba alfabeti ya Kirumi ya Kiswahili haikuchaguliwa kwa uzuri wake pekee. Ilikuwa pia alama ya kwamba lugha hii ilihesabiwa kuwa ya upande mwingine.

Kwa upande wa Taita, kusoma na kuandika kwa herufi za Kirumi kuliletwa na wamisionari wa Kiingereza. CMS ilianzisha kituo Sagalla mwaka 1883, na J. A. Wray, aliyekaa huko, alitoa kitabu cha utangulizi wa lugha ya Kitaita mwaka 1894. Jicho la msomaji wa Kitaita likalelewa hivyo: kwa herufi za Kirumi zilizo wazi, zenye nafasi baina yake.

Kuna sababu ya kulikazia jambo hili tunapoizungumzia Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, utawala wa Kiingereza uliwaondoa wakazi wa Kasigau katika mlima wao na kuwapeleka Malindi, ukiwatuhumu kwamba waliwasaidia Wajerumani waliokuwa wakishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu walihamishwa kwa amri na ripoti walizoandikiwa na wengine. Jamii iliyopitia hayo inajua kwamba uwezo wa kuisoma hati inayokuhusu si anasa. Ndiyo maana, katika makala haya, usomekaji unapewa uzito kuliko urembo.

Kiswahili Ndani ya Vazi la Kigothi

Tuchunguze sasa kinachotokea Kiswahili kinapoandikwa kwa Kigothi. Hapa isimu ina mengi ya kutuambia, kwa sababu kila lugha hugongana na herufi hizi kwa namna yake.

Tatizo la kwanza ni la mistari wima. Katika Textura, herufi i, n, u na m hujengwa kwa mstari mmoja uleule unaorudiwa: i ina mstari mmoja, n na u zina miwili, m ina mitatu. Katika mwandiko wa zamani, viunganishi vyembamba vya juu na chini ndivyo pekee vilivyozitofautisha. Kiswahili kimejaa herufi hizo, kwani viambishi vyetu vya nafsi na vya ngeli, yaani ni-, u-, tu-, m-, mu- na i-, vimejengwa nazo. Neno mimi lina mistari wima minane. Neno ninunue lina mistari 11 kabla ya kuifikia e ya mwisho. Neno muumini, ambalo lingetarajiwa katika cheti cha kanisa au cha msikiti, lina mistari 14 mfululizo, na hakuna hata herufi moja inayopanda juu au kushuka chini ili jicho lipate pa kushika. Nukta za i ndizo tegemeo pekee. Kiingereza na Kijerumani hupumzishwa mara kwa mara na herufi ndefu kama t, l, d na h, lakini sentensi ya Kiswahili inaweza kwenda mbali pasipo pumziko hilo.

Tatizo la pili ni la herufi s. Fraktur ina s mbili: s ndefu, inayofanana sana na f, ambayo hutumika mwanzoni na katikati ya silabi, na s fupi, inayotumika mwishoni mwa silabi au neno. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo s huanza silabi karibu kila mara: sa-sa, ki-si-ma, Ka-si-ga-u. Kwa kanuni za Fraktur, basi, Kiswahili kingetumia s ndefu takriban peke yake, na s fupi ingebakia kujadiliwa katika maneno ya mkopo kama askari, rasmi na desturi, ambayo wanaisimu wenyewe hubishana kuhusu mpaka wa silabi zake. Matokeo yake ni kwamba s na f, fonimu mbili zinazotofautisha maana katika Kiswahili, zingekaribiana mno kwa umbo. Anayeandika sasa angesomeka kama anayeandika fafa, na siri ikasomeka firi. Fonti kama Old English Text MT zimeliepuka tatizo hili kwa kutumia s ya kawaida, lakini fonti za Fraktur halisi hulirejesha.

Tatizo la tatu ni la k. Katika Fraktur, k ndogo hufanana na t au f iliyofungwa kitanzi, na msomaji asiyeizoea huikosea. Kwa Kiingereza herufi hiyo si ya kila neno. Kwa Kiswahili, bila k hatuna ku- ya kitenzi, hatuna ki- ya ngeli, hatuna -ka- ya masimulizi, wala hatuna kwa, katika na kama.

Tatizo la nne, na ambalo lina madhara zaidi, ni la herufi kubwa, kwa sababu herufi kubwa ndizo huanza majina. Katika Fraktur, B na V hufanana. K, N na R hufanana. S na G hukaribiana. M na W huchanganywa. A na U huchanganywa. Na I na J mara nyingi huwa na umbo moja. Tuyapime hayo kwa majina ya kwetu. Voi husomeka kama Boi. Sagalla huweza kusomeka Gagalla. Kijiji cha Jora huwa Iora, na kijiji cha Rukanga, kwa jicho la haraka, huwa Kukanga au Nukanga. Jina la kike la Wakio laweza kusomwa Makio. Pia kuna kibainishi katika majina kama Mwang'ombe: ule mkato mdogo wa ng' humezwa na unene wa herufi zinazouzunguka. Nao mkato huo si pambo. Tofauti ya ng'oa na ngoa ni tofauti ya kung'oa mti na kuwa na wivu.

Ni haki kusema pia kwamba kuna mahali ambapo Kigothi kinaipokea lugha yetu vizuri. Wapiga chapa wa Fraktur walikuwa na kipande kimoja cha risasi kwa herufi mbili ch, ambazo kwa Kiswahili ni fonimu moja. Maneno mafupi yenye herufi zinazopanda, kama vile Heri, Hati, Cheti na Shahada, hupendeza na husomeka bila taabu. Kwa hivyo tatizo si kwamba Kigothi ni kibaya. Tatizo ni kutojua ni neno gani linaloweza kulibeba vazi hilo.

Utengano wa Herufi za Kuonwa na Herufi za Kusomwa

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili si la Wazungu tu. Jibu letu ni hapana. Uswahilini, utengano kati ya mwandiko wa kuonwa na mwandiko wa kusomwa ulijulikana karne nyingi kabla ya cheti cha kwanza cha shule. Katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, kuna maandishi ya Kufi yenye mapambo ya majani, yaliyochongwa katika jiwe na kupewa tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kufi ni mwandiko wa Kiarabu wa kale, wenye pembe na uzito, ambao miswada ya awali ya Kurani iliandikwa kwao. Baadaye miandiko ya mviringo, iliyo myepesi kwa mkono na kwa jicho, ilichukua vitabu, na Kufi ikabakia kupamba kuta. Washairi wa pwani walipoandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu, kama vile mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, hawakutumia Kufi. Walitumia mwandiko wa kusomeka, kwa sababu utenzi ulikusudiwa kuimbwa na msomaji hakupaswa kukwama.

Kufi na Kigothi, basi, ni ndugu kwa hatima. Kila moja ulikuwa mwandiko wa kitabu kitakatifu, kila moja uliwekwa kando na mwandiko mwepesi zaidi, na kila moja ulipata maisha mapya ukutani na kwenye kichwa cha hati. Funzo lake ni kwamba mwandiko unapoacha kusomwa kila siku, ugumu wake hugeuka kuwa haiba. Watu huutazama kwanza, na kusoma hufuata.

Matumizi ya Siku Hizi

Matumizi ya Kigothi leo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni la mamlaka: shahada, vyeti, hati za kiapo na majina ya magazeti. Hapa herufi inadai ukongwe, hata taasisi yenyewe ikiwa changa. La pili ni la ibada na sikukuu: kadi za Krismasi, kumbukumbu za ubatizo na ndoa. Hapa inadai utakatifu, kwa kuwa Biblia za zamani zilivaa hivyo.

La tatu ni la ukaidi. Wamarekani wenye asili ya Meksiko mjini Los Angeles waliichukua hati hii katika michoro ya ukutani na chanjo za mwilini, na kutoka hapo ikaingia katika utamaduni wa hip hop. Wanamuziki wa roki nzito nao waliichukua kwa ajili ya majalada ya sahani zao. Kupitia muziki na fulana ikafika kwetu, na mafundi rangi wa matatu wakaipokea. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo Wakenya wengi huziita sheria za Michuki, ziliamuru mstari wa manjano na kuyabana michoro kwa muda, lakini ladha yenyewe haikufutika. Inavutia kuona kwamba herufi ileile inayomtisha kijana akiwa mbele ya msajili, ndiyo anayoichagua kuandika lakabu yake. Pande zote mbili zinakopa kitu kimoja, yaani uzito.

Wapo wanaoihusisha herufi hii na utawala wa Hitler. Ukweli una pande mbili. Mwanzoni Wanazi waliikweza kama herufi ya Kijerumani halisi. Kisha, kwa waraka wa Januari 3, 1941, uliotiwa saini na Martin Bormann, waliipiga marufuku kwa kisingizio cha uongo kwamba ilikuwa ya Kiyahudi. Sababu ya kimatumizi ilikuwa karibu: dola lililotaka kutawala Ulaya nzima halingeweza kuwaamuru watu kwa herufi wasizoweza kuzisoma. Hata dhalimu hutambua kwamba amri isiyosomeka si amri.

Katika mitandao ya kijamii, Kigothi kimepata mlango mwingine. Mfumo wa Unicode, tangu mwaka 2001, umekuwa na seti ya herufi za Fraktur zilizokusudiwa kwa hisabati. Vijana huzitumia kuandika majina yao pasipo kuhitaji fonti yoyote. Tatizo ni kwamba kwa tarakilishi hizo si herufi za kawaida, bali ni alama. Anayelitafuta jina hilo kwa kuliandika kama kawaida huenda asilipate, na programu zinazomsomea kipofu maandishi kwa sauti huweza kuziruka au kuzitaja moja moja kama alama za hisabati. Jina limeonekana na wengi, lakini halijulikani tena kuwa jina.

Mwongozo kwa Wanaotayarisha Hati

Kutokana na yaliyojadiliwa, tunapendekeza mambo matano kwa wenzetu wanaotayarisha vyeti, mialiko na majarida, likiwemo jarida la chama kama hili.

Kwanza, Kigothi kitumike kwa maneno machache, yasizidi kichwa kimoja, na kwa ukubwa wa kutosha. Mistari yake myembamba hupotea inapopunguzwa, na hupotea zaidi hati inapotolewa nakala ya nakala.

Pili, neno lisiandikwe kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za Kigothi zilibuniwa kutangulia, si kusimama bega kwa bega. Neno CHETI lililoandikwa hivyo ni ua la miiba.

Tatu, neno lichunguzwe kabla ya kuvishwa. Lenye m, n, u na i mfululizo liepukwe, au lipewe nafasi zaidi baina ya herufi.

Nne, jina la mtu, jina la mahali, tarehe na nambari ziandikwe kwa herufi za Kirumi zilizo wazi. Hapa hatuna budi kusisitiza. Nchini kwetu, mwenye cheti ambacho jina lake halilingani na lililo katika kitambulisho hujua gharama yake: viapo, nauli za kwenda na kurudi mjini, na nafasi ya kazi au ya masomo inayompita akisubiri. Kwa mtu wa Kasigau, safari ya kwenda Voi kusahihisha herufi moja ni siku nzima iliyopotea. Karani anayenakili jina kutoka cheti cha Kigothi, akaandika Makio badala ya Wakio, hakukusudia ubaya. Aliyechagua fonti ndiye aliyemtegea shimo.

Tano, aliyeandikiwa hati apewe nafasi ya kuisoma kwa sauti kabla haijatiwa muhuri. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wala utaalamu. Akikwama katika jina lake mwenyewe, hati haijakamilika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba herufi za Kigothi zilianza kama mwandiko wa kuokoa ngozi, zikawa vazi la Biblia, kisha zikawa alama ya taifa moja, na hatimaye zikawa pambo la dunia nzima. Zilipofika katika nchi zetu, ziliwasimulia watu wa Kasigau pasipo wao kuzisoma, ilhali Kiswahili kilipewa herufi nyingine. Uchunguzi wa fonimu na viambishi vyetu umedhihirisha kwamba lugha hii, kwa wingi wa m, n, u, i na k, haikai vizuri ndani ya vazi hilo kwa safari ndefu, ingawa hupendeza nalo kwa hatua chache za sherehe.

Kazi iliyobaki ni ya utafiti zaidi. Miswada, magazeti ya zamani, vyeti vya misheni na michoro ya matatu ni hifadhi ya maumbo ambayo idara zetu za Kiswahili hazijaigusa vya kutosha. Mwanafunzi wa fasihi atakayeanza kuyakusanya kutoka Sagalla, Taveta, Mbale na Kasigau hatakosa la kuandika.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Wanaotayarisha hati wasiongeze giza hilo kwa wino.